Nani Kaubana Mtandao?

Saa mbili usiku ndiyo saa ya lawama. Taarifa ya habari imeanza, watoto wamerudi kwenye video zao, baba anasubiri kipindi cha pili cha mechi, mara picha inaganda na kale kaduara kanaanza kuzunguka katikati ya kioo. Hukumu hutolewa palepale sebuleni: "Wametubana hawa." Haombwi mtu ushahidi. Bili imelipwa, mkataba unasema megabiti 100 kwa sekunde, simu inapima 11, basi mwizi amekwisha kujulikana.

Kuna siku hukumu hiyo huwa ya haki. Siku nyingi zaidi mwizi yumo humo humo ndani, nyuma ya televisheni. Nalisema hili kwa sababu ya kesi mbili za Marekani ambazo kila anayelipia intaneti ya nyumbani angefaidika kuzijua. Zote mbili zinahusu wateja wa kampuni moja ya kebo, Comcast, na kati ya moja na nyingine ilipita miaka mitatu tu. Wateja wote wawili walikuwa watu wa kompyuta, wakaona mambo hayaendi, wakaamua kupima kabla ya kusema. Mmoja aliikuta kampuni ikimwingilia kweli, tena kwa hila. Mwingine alikuta tatizo ambalo karibu kila nyumba yenye intaneti ilikuwa nalo bila kujua, na kampuni yenyewe ikamsaidia kulipata.

Wa kwanza ni Robb Topolski wa jimbo la Oregon. Kazi yake ilikuwa kupima ubora wa programu, na burudani yake ilikuwa muziki wa barbershop, ule wa waimbaji wanne wanaopangana kwa sauti nne bila ala yoyote. Alikuwa na rekodi za mwanzoni mwa karne ya 20, kongwe kiasi kwamba hakimiliki yake ilikwisha zamani, akawa anawagawia wapenzi wenzake kwa programu za kubadilishana mafaili kama BitTorrent. Mwaka 2007 akagundua kwamba rekodi zake haziwafikii watu. Kupakua kwake kulikwenda vizuri, kurasa zilifunguka, kipimo cha kasi hakikuonyesha dosari. Lakini kila mtu wa mbali alipojaribu kuchukua faili kutoka kwake, mazungumzo ya kompyuta mbili hizo yalikatika.

Mwingine angepiga simu huduma kwa wateja, aambiwe azime modemu na kuiwasha tena. Topolski alifungua Wireshark, programu ya bure inayonasa kila pakiti inayoingia na kutoka kwenye kompyuta, akaanza kusoma moja baada ya nyingine. Kompyuta mbili zikiwasiliana kwa utaratibu wa TCP, kila moja ina ruhusa ya kuvunja mawasiliano ghafla kwa kutuma pakiti fupi sana ambayo maana yake ni moja tu: nimejitoa, usitume tena. Pakiti hizo ndizo alizokuta zikimiminika. Zilibeba anwani ya kompyuta ya mbali, lakini kompyuta ya mbali haikuzituma. Kule nako zilifika pakiti zenye anwani yake yeye, naye hakuwa ametuma kitu. Kila upande uliambiwa mwenzake amejitoa, kumbe hakuna aliyejitoa. Aliyeghushi alikuwa katikati, kwenye njia ya kampuni, na mitambo iliyotumika ilitengenezwa na Sandvine, kampuni ya mji wa Waterloo, Canada.

Aliandika hadharani alichokiona. Comcast ikakana. Mwezi Oktoba 2007 shirika la habari la Associated Press likafanya jaribio lake, na faili lililochaguliwa lilikuwa Biblia, tafsiri ya Kiingereza ya King James, ambayo hakuna mtu angeweza kudai ni filamu ya wizi. Kompyuta za jaribio zilikuwa katika maeneo ya Philadelphia, Boston na San Francisco. Katika majaribio matatu, mawili yalizuiwa kabisa, na la tatu likaanza baada ya kusubiri dakika kumi. Sasa lugha ya kampuni ikaanza kubadilika: hatuzuii, tunachelewesha tu pale mtandao unapoelemewa.

Kilichofuata kilikuwa nusu siasa, nusu vichekesho. Februari 2008 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliitisha kikao cha wazi katika Chuo Kikuu cha Harvard, na Comcast ikakiri kwamba ililipa watu wakakae kwenye viti mapema, kwa maelezo kwamba walikuwa wakiwashikia nafasi wafanyakazi wake. Wapo waliopigwa picha wakisinzia. Tarehe 1 Agosti mwaka huohuo tume ilipiga kura, watatu dhidi ya wawili, ikaamua kwamba Comcast imekosea, ingawa haikuitoza faini. Kabla mwaka haujaisha kampuni iliacha mtindo ule na kuweka mwingine usiojali unatumia programu gani: mtaa ukielemewa, anayetumia kwa wingi sana hushushwa daraja kwa muda hadi hali itulie. Wakati huohuo ilikata rufaa, na Aprili 2010 mahakama ya rufaa ya Washington ikaipa ushindi. Mahakama haikusema kwamba kughushi pakiti ni jambo jema. Ilisema tume haikuwa na mamlaka ya kisheria iliyodai kuwa nayo. Wateja walioshtaki kwa pamoja walipata suluhu ya dola milioni 16, ambayo ilipogawanywa ilimaanisha kisichozidi dola 16 kwa kichwa.

Kwangu mimi uzito wa kisa hiki haupo mahakamani, upo mezani kwa Topolski. Hakusema mtandao wake uko polepole. Alionyesha kwamba kitu kimoja kinakwama huku vingine vyote vinapita, akaonyesha pakiti zenyewe, na akaonyesha kwamba pande mbili zinasimulia habari zisizolingana. Kubana kwa makusudi huacha alama ya namna hiyo: huchagua. Kama kila kitu kwako kiko polepole kwa kiwango kilekile, kurasa za benki, video, barua pepe na mchezo wa mtoto, basi una tatizo, lakini huenda si hilo unalolifikiria.

Hapo ndipo anapoingia Jim Gettys. Huyu si mteja wa kawaida. Alikuwa mmoja wa waanzilishi wa X Window System, mfumo wa madirisha wa kompyuta uliozaliwa MIT, na jina lake limo katika waraka uliopanga HTTP/1.1, lugha ambayo kurasa za wavuti zilitumia kwa miaka mingi. Mwaka 2010, nyumbani kwake Massachusetts, aliona kwamba kila anapotuma mafaili makubwa nje, intaneti ya nyumba nzima inakuwa kama imekufa. Alipopima, pakiti ndogo ambayo kwa kawaida huenda na kurudi ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde ilikuwa ikichukua zaidi ya sekunde nzima. Mtu yeyote angemtazama mtoa huduma kwa jicho la shaka. Yeye alionana na wahandisi wa Comcast wakazungumza kwa kina, na maelezo yao ndiyo yaliyomwelekeza kwenye chanzo.

Chanzo ni kumbukumbu. Kila modemu, kila ruta, kila kadi ya Wi-Fi ina mahali pa kuhifadhia pakiti zinazosubiri zamu, napo huitwa bafa. Kumbukumbu zilipokuwa ghali, bafa zilikuwa ndogo. Zikawa rahisi, na watengenezaji wakaziongeza bila hesabu, wakiamini kwamba kupoteza pakiti ni dhambi. Kumbe TCP inategemea kupotea kwa pakiti ili ijue njia imejaa na ipunguze mwendo. Bafa kubwa inaficha habari hiyo. Kompyuta inaendelea kumimina, foleni inarefuka ndani ya modemu, na pakiti yako ndogo ya kufungua ukurasa inakwenda kusimama nyuma kabisa. Fanya hesabu mwenyewe: bafa ya kilobaiti 256 kwenye njia ya kupakia ya megabiti 1 kwa sekunde inahitaji sekunde mbili nzima kumwaga kilichomo. Kila unachobofya kinasubiri sekunde hizo mbili. Hakuna aliyekubana.

Gettys aliliita tatizo hilo bufferbloat, kwa maana ya bafa zilizovimba, na makala yake pamoja na Kathleen Nichols mwaka 2011 iliwaamsha wahandisi wengi. Mwaka uliofuata Nichols na Van Jacobson walitoa CoDel, utaratibu unaopima pakiti imekaa foleni kwa muda gani na kuanza kutupa chache mapema ili mtumaji apunguze kasi. Kizazi cha modemu za kebo kiitwacho DOCSIS 3.1 nacho kiliwekewa utaratibu wa jamii hiyo. Vifaa vya zamani bado vimejaa majumbani.

Kulijua tatizo hili kwako hakuhitaji shahada. Fungua dirisha la amri kwenye kompyuta, andika ping na anwani 8.8.8.8, uangalie muda wa kwenda na kurudi nyumba ikiwa imetulia. Tuseme ni milisekunde 20 au 40. Acha ping iendelee, kisha anza kupakia video ndefu kwenda kwenye hifadhi ya mtandaoni. Ikipanda hadi 600 au 1,500, mwizi umemkamata. Sasa ikumbuke ile saa mbili usiku. Watu wamerudi nyumbani, simu nne ziko kwenye chaji na zimeshika Wi-Fi, na simu nyingi huchukua nafasi hiyohiyo kupandisha picha na video zote za siku. Harusi ya Jumamosi inapanda mtandaoni kimyakimya, na baba anailaani kampuni.

Dawa yake inachekesha kidogo. Kwenye ruta yenye uwezo wa kusimamia foleni, unaweka kikomo cha kupakia na kupakua chini kidogo ya kasi yako halisi, asilimia 90 hivi, ili foleni ikae kwenye ruta yenye akili badala ya kukaa kwenye modemu isiyokuwa nayo. Yaani unajibana mwenyewe, na mtandao unakuwa mwepesi zaidi.

Kabla ya hapo lakini, kuna mambo madogo ambayo yananiudhi kuyaandika kwa sababu kila mtu anajua na hakuna anayeyafanya. Pima kwa waya. Chomeka kompyuta moja kwa moja kwenye modemu kwa waya wa LAN, zima Wi-Fi, ndipo upime. Namba unayoipata chumbani kwa simu inapima kuta zako, na ukikaa Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu, ambako kuta ni za matumbawe na unene wake ni wa kuzuia jua la karne tatu, namba hiyo haina cha kukwambia kuhusu kampuni. Wi-Fi ya gigahezi 2.4 ina njia tatu tu zisizopandana, ya 1, ya 6 na ya 11, na katika jengo la fleti zote zimekaliwa na majirani. Tazama pia waya wenyewe: waya wa LAN ulioumia nyuzi mbili kati ya nane unaweza kufanya kazi bila malalamiko, ila utakwama kwenye megabiti 94 au 95 hata ukilipia 500. Ukiona namba hiyo ikijirudia, tupa waya. Na usichanganye biti na baiti. Kampuni huuza biti, programu za kupakua huonyesha baiti, na baiti moja ni biti nane, hivyo megabiti 50 ulizonunua zitaonekana kama megabaiti 6 na kidogo. Malalamiko mengi ya kuibiwa yanakufa hapo.

Intaneti ya kebo ina tabia zake ambazo faiba haina. Waya ule mnene wa koaksia uliwekwa kwa ajili ya televisheni, picha ziteremke kutoka kituoni kwenda majumbani, na kurudi nyuma halikuwa jambo la kufikiriwa sana. Mwaka 1997 ndipo CableLabs, taasisi ya utafiti ya kampuni za kebo, ilipotoa viwango vya kwanza vya DOCSIS vya kupitisha data humo. Njia ya kwenda juu ilibanwa kwenye masafa ya chini, kati ya megahezi 5 na 42 huko Marekani Kaskazini, na ndiyo maana mikataba mingi ya kebo inatoa mia kadhaa za kupakua na kumi au ishirini tu za kupakia. Masafa hayo ya chini ndiyo yanayoingiliwa zaidi na makelele ya umeme. Kwa kuwa nyumba nyingi za mtaa mmoja zinakutana kwenye kituo kimoja, makelele ya nyumba zote hukusanyika huko. Konekta moja iliyolegea kwa jirani usiyemjua inaweza kukuharibia kupakia kwako.

Kugawana kituo kimoja kunaeleza pia jambo ambalo watu hulisoma vibaya. Ukipima saa kumi na moja alfajiri ukapata 95, ukapima saa mbili usiku ukapata 20, na hali ikawa hivyo kila siku ya wiki, ule ni msongamano wa mtaa. Kampuni imeuza kuliko uwezo wa kituo. Ni kosa lake, na una haki ya kulalamika kwa sauti, lakini hajakulenga mtu. Ukimwambia wakala kwamba anakubana atakujibu kwa dhati kwamba habani, na atakuwa anasema kweli. Mwambie kituo cha mtaa kimeelemewa, umletee vipimo vya saa, na mazungumzo yatakuwa mengine.

Ukurasa ambao ningependa kila mwenye modemu ya kebo aufungue walau mara moja ni ule ulioko kwenye anwani 192.168.100.1. Modemu nyingi za kebo huuonyesha bila hata intaneti kuwepo. Humo mna jedwali la mikondo, kila mmoja na nguvu yake. Nguvu ya mawimbi yanayoingia inatakiwa iwe karibu na sifuri, kati ya -7 na +7 dBmV kwa afya njema. Tofauti ya mawimbi na makelele ikishuka chini ya desibeli 33 hivi, data inaanza kuharibika njiani. Nguvu ya kwenda juu ndiyo inayosahaulika: ikivuka 50 dBmV, modemu inalazimika kutumia karibu nguvu zake zote ili isikike, na baridi au mvua kidogo tu itaiangusha. Kuna safu ya makosa yaliyorekebishwa na safu ya makosa yaliyoshindikana. Hii ya pili ikiwa inaongezeka kila unapoonyesha upya ukurasa, acha kutafuta njama, tafuta waya mbovu.

Mara nyingi mbovu ni kigawanyio, kile kikopo kidogo cha chuma kinachogawa waya mmoja kuwa miwili au minne kwa ajili ya televisheni za vyumbani. Kigawanyio cha njia mbili kinakula desibeli tatu na nusu, zaidi ya nusu ya nguvu. Cha njia nne kinakula kama saba. Nyumba iliyowahi kuwa na televisheni tatu za kebo na sasa haina hata moja bado ina vikopo vyake ukutani, vikiendelea kula. Viondoe, waya uende moja kwa moja kwenye modemu. Kaza konekta kwa mkono. Ukikuta kutu ya kijani au unyevu ndani, hiyo ndiyo sababu mtandao unakufa mvua ikinyesha.

Umri wa modemu nao una kauli. Mkondo mmoja wa kebo ya Marekani wenye upana wa megahezi 6 hubeba takribani megabiti 38 zinazotumika. Modemu ya mikondo minne haiwezi kuvuka 150 hata ukiipigia magoti, na ya mikondo minane inaishia kama 300. Watu hupandisha kifurushi hadi 500, wanabaki na modemu ileile waliyonunua wakati wa kifurushi cha 100, kisha wanaapa kwamba wanaibiwa. Zilikuwapo pia modemu zenye chipu ya Intel iitwayo Puma 6, ambazo mwaka 2016 zilibainika kuchelewesha pakiti kwa mishtuko ya ghafla. Wacheza michezo ya mtandaoni waliteseka nazo bila kujua adui yao yuko mezani.

Tuseme yote hayo umeyapita na bado una shaka. Sasa una haki ya kushuku, na shaka yako iwe na shabaha. Vipimo vya kawaida vya kasi hutuma data kwenye seva iliyo karibu, mara nyingine iliyo ndani ya mtandao wa kampuni hiyohiyo, kwa hiyo vinaweza kuonyesha 100 huku video ikikwama. Netflix ilipoanzisha fast.com mwaka 2016, ilikifanya kipimo hicho kitumie seva zilezile zinazotoa filamu zake. Kampuni ikibana filamu, kipimo nacho kinabanwa. Kufanya vipimo viwili vya aina hiyo saa moja, ukaona 100 hapa na 4 pale, tayari ni ushahidi wa kitu fulani.

Kitu gani, ndilo swali. Ushauri unaotolewa kila mahali ni kuwasha VPN: data ikifungwa kwa siri, kampuni haijui unatazama nini, hivyo haiwezi kuchagua. Kasi ikiruka juu, basi walikuwa wanakubana. Hoja hiyo ni tamu, ila ina tundu. Mwishoni mwa 2013 wateja wa Comcast waliona Netflix ikizorota mwezi hadi mwezi. Mahali penye tatizo palikuwa pale mitandao miwili inapokutana, ambapo data ya Netflix ilifika kupitia viungo vilivyojaa hadi pomoni, na hakuna aliyekuwa tayari kuvipanua kabla ya kujua nani atalipa. Februari 2014 Netflix ilikubali kuilipa Comcast ili iunganishwe moja kwa moja, na picha zikanyooka. Katika hali ya namna hiyo VPN inakuharakisha kwa sababu tu inakupitisha barabara nyingine. Unaweza kusema kuacha viungo vijae ni aina ya kubana, na mimi sitakupinga sana, maana anayekataa kupanua mlango anajua nani atasongamana. Lakini hakuna pakiti iliyoghushiwa, na mkataba wako haukuvunjwa kwa maneno yake.

Chombo kilichoziba tundu hilo ni Wehe, kilichotengenezwa na kundi la David Choffnes wa Chuo Kikuu cha Northeastern, Boston. Kinacheza tena mtiririko halisi wa programu fulani, YouTube kwa mfano, kisha kinacheza mtiririko uleule baada ya kuuvuruga usitambulike, kwa seva ileile na njia ileile. Kinachobaki tofauti ni utambulisho tu. Utafiti wao uliotoka mwaka 2019, uliotumia vipimo vya watu zaidi ya laki moja, uliwakuta waendeshaji wakubwa wa simu wa Marekani wakibana video, tena saa zote za siku na usiku, si pale tu mtandao ulipoelemewa. Hapo kisingizio cha msongamano kilianguka. Angalia hata hivyo kwamba waliokamatwa walikuwa hasa mitandao ya simu. Intaneti ya waya ya nyumbani ilionekana safi zaidi.

Huku Afrika Mashariki kebo ya koaksia haikuenea sana. Zuku ndiyo iliyoisambaza mitaani Nairobi na Mombasa, na siku hizi waya mpya unaopita mlangoni huwa faiba. Sebule zetu lakini zinatoa hukumu ileile, na kwetu kuna washukiwa wawili zaidi. Mmoja yuko baharini. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Siku kadhaa watu waliwalaumu watoa huduma wao, wengine wakaona mkono wa serikali. Dalili ya aina hiyo inatambulika: tovuti za ndani na vitu vilivyohifadhiwa kwenye seva za hapa nchini vinafunguka upesi, vya Ulaya vinakufa. Majirani wa kampuni nyingine nao wanalia.

Mshukiwa wa pili amejiandikisha mwenyewe kwenye mkataba. Vifurushi vingi vya nyumbani vinavyoitwa vya bila kikomo vina kipengele cha matumizi ya haki: ukifikisha kiasi fulani cha data ndani ya mwezi, kasi inashushwa hadi mwezi mpya. Huko ni kubana, kwa maana kamili ya neno, ila umekusaini. Namna ya kukutambua ni kutazama kalenda badala ya saa. Kasi iko vizuri tarehe 3, iko vizuri tarehe 15, tarehe 22 inaanguka mchana na usiku pia, tarehe 1 inafufuka. Msongamano haujui tarehe. Comcast yenyewe, mwezi Oktoba 2008, miezi miwili baada ya uamuzi wa tume, iliweka kikomo cha gigabaiti 250 kwa mwezi, na kikomo kilichotangazwa hakikuwa na haja ya pakiti za kughushi.

Ukitaka kushtaki, sheria itategemea unakoishi. Waswahili walioko Marekani wasihesabu tena ile kanuni ya taifa ya kukataza ubaguzi wa data. Iliwekwa 2015, ikafutwa 2017, ikarudishwa 2024, na tarehe 2 Januari 2025 mahakama ya rufaa ya mkoa wa sita ikaiangusha. Baadhi ya majimbo, California likiwemo, yana sheria zao. Hata hivyo lalamiko lisilo rasmi kwa FCC bado halina malipo, na kampuni inatakiwa kujibu ndani ya siku 30, jambo ambalo mara nyingi hulifikisha faili lako kwa mtu mwenye uwezo kuliko yule wa simu. Kenya kuna Mamlaka ya Mawasiliano, Tanzania kuna TCRA. Anza na kampuni, tunza namba ya lalamiko, ndipo uende huko. Kote huko jedwali la vipimo vya wiki moja, vya waya, vyenye tarehe na saa, linasomwa. Sentensi isemayo "mtandao uko polepole sana" haisomwi.

Na fundi wa kebo akija, usimruhusu aanzie sebuleni. Mwombe apime kwanza pale waya wa kampuni unapoingia nyumbani, nje, kisha apime kwenye modemu, na akuonyeshe namba zote mbili. Zikiwa nzuri nje na mbaya ndani, waya wa nyumba ni wako na huenda utalipia kazi. Zikiwa mbaya tangu nje, mzigo ni wao, naye asifunge lalamiko hadi nguvu ya kwenda juu ishuke chini ya 50.